Thredi ikiisha, nani anasafisha? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanaoandika programu zenye thredi nyingi (mikondo ya kazi inayoendeshwa pamoja ndani ya programu moja) na kwa wanaotunza seva zinazoziendesha. Mfano mkuu ni Linux pamoja na maktaba ya glibc (maktaba ya kawaida ya lugha ya C), kwa kuwa huko ndiko seva nyingi zilipo. Windows na macOS zina sehemu yao. Ukishika jambo moja, mengi yaliyobaki yatafuata: mfumo wa uendeshaji husafisha kile tu unachokijua kuwa ni cha thredi. Kilicho cha mchakato mzima (programu inayoendeshwa, pamoja na thredi zake zote) hubaki, hata kama aliyekileta ni thredi iliyokwisha kufa.

## Misingi

1. Thredi inaisha kwa njia zipi?

Funksheni yake ya kwanza inafika mwisho na kurudi. Au inaita `pthread_exit`. Au thredi nyingine inaifuta kwa `pthread_cancel`. Au mchakato wote unakufa na kuondoka nayo.

Tofauti kati ya kuisha kwa thredi moja na kwa mchakato wote ni kubwa. Kwenye Linux kuna wito wa mfumo wa aina mbili: `exit`, unaomaliza thredi iliyouita peke yake, na `exit_group`, unaomaliza thredi zote. Funksheni ya `exit()` ya C, na kurudi kutoka `main`, hutumia huo wa pili. Ndiyo maana programu nyingi za wanaoanza "hukata kazi katikati": `main` imerudi wakati thredi nyingine bado zinafanya kazi.

2. Kipi ni cha thredi, na kipi ni cha mchakato?

Cha thredi ni staki yake (memori ya vigeu vya ndani na miito ya funksheni), rejista za CPU, namba yake, orodha ya ishara ilizozuia, vigeu vyake vya `thread_local` (pamoja na `errno`), na staki ndogo inayotumia ikiwa ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji.

Cha mchakato ni karibu kila kitu kingine: memori ya `malloc`, faili na soketi zilizofunguliwa, saraka ya kazi, funksheni za kupokea ishara. Thredi ikifungua soketi kisha ikafa bila kuifunga, soketi inabaki wazi. Seva inayoanzisha thredi kwa kila mteja na kusahau `close` itafika siku ikapata hitilafu ya `EMFILE`, kwa sababu kikomo cha kawaida cha faili wazi kwa mchakato ni 1024 kwenye mifumo mingi. Kuanzisha thredi mpya hakutakusaidia hapo.

3. Usafi unafuata mpangilio gani?

Kwenye Linux kuna awamu mbili, ya maktaba kisha ya keneli.

Maktaba inaanza. Kama thredi imetoka kwa `pthread_exit` au imefutwa, huitwa kwanza funksheni zilizosajiliwa kwa `pthread_cleanup_push`, iliyosajiliwa mwisho ikitangulia. Kisha vigeu vya `thread_local` vya C++ huvunjwa, halafu zinafuata funksheni za kusafisha za funguo zilizotengenezwa kwa `pthread_key_create` (nafasi ambazo kila thredi huwekea thamani yake). Funksheni hizi zinaweza zenyewe kuweka thamani mpya kwenye funguo, kwa hiyo glibc hurudia mzunguko, ila si zaidi ya mara 4. Kinachobaki baada ya hapo huachwa kama kilivyo. Maktaba hurudisha akiba yake ya memori (swali la 5), huiarifu keneli kwamba kurasa za staki hazihitajiki tena, kisha huita `exit`.

Keneli nayo huitia thredi alama ya kwamba inaondoka. Hupitia orodha ya makufuli thabiti (swali la 11), huandika sifuri mahali palipohifadhiwa namba ya thredi na kumwamsha anayesubiri (swali la 8), kisha hupunguza hesabu ya wanaotumia nafasi ya memori, jedwali la faili na vinginevyo vya pamoja. Jedwali la faili halifungwi mpaka mtumiaji wake wa mwisho aondoke. Muda wa CPU uliotumiwa na thredi haupotei. Huongezwa kwenye hesabu ya mchakato, ndiyo maana jumla ya mchakato haishuki thredi zinapokufa.

4. Kwa nini thredi isimalize kila kitu yenyewe?

Kwa sababu haiwezi kukata tawi ililokalia. Ili kuendesha hata amri moja ya kusafisha inahitaji staki, na staki ni mojawapo ya vitu vinavyotakiwa kuondolewa. Tatizo hili liko kwenye kila mfumo, na namna kila mmoja unavyolitatua inaonyesha ufundi wa waliouandika.

Ndani ya keneli ya Linux, thredi inayokufa hujiweka katika hali ya `TASK_DEAD` na kuachia CPU mara ya mwisho. Thredi inayofuata kwenye CPU ileile, kabla ya kuendelea na shughuli zake, hukuta aliyetoka amekufa na kuiachia staki yake ya keneli. Yaani aliyekuja ndiye anayemalizia usafi wa aliyeondoka, ndani ya funksheni ya `finish_task_switch`.

Kwa staki ya upande wa programu, glibc haiifuti mara moja. Huiweka kwenye akiba, na atakayeihitaji baadaye hukagua kwanza kama keneli imekwisha kuandika sifuri penye namba ya thredi. Maktaba ya musl, maktaba nyingine ya C, imechagua njia tofauti kwa thredi zilizoachiwa (`detach`, swali la 9): kipande kifupi cha msimbo wa asembli huita `munmap` juu ya staki yenyewe na mara hiyohiyo kuita `exit`, bila kugusa staki hata kidogo katikati. Kwenye macOS programu hukabidhi anwani na ukubwa wa staki kwa keneli kupitia `bsdthread_terminate`, na keneli ndiyo inayoifuta.

## Memori na staki

5. Memori niliyoomba kwa `malloc` ndani ya thredi itarudi yenyewe?

Hapana. Keneli haijui ni thredi gani iliyoiomba, na haina haki ya kudhani. Huenda umeshampa mwenzako anwani ile. Usipoiachia kwa `free`, itabaki mpaka mchakato ufe.

Kinachorudi ni akiba ya ndani ya `malloc` yenyewe. Tangu toleo la 2.26 la mwaka 2017, glibc huwekea kila thredi akiba ndogo ya vipande vilivyokwisha kuachiwa; thredi ikiisha, vipande hivyo hurudishwa kwenye uwanja wa pamoja. Hivyo ni vile ulivyokwisha kuviachia wewe mwenyewe, si vile ulivyosahau.

6. Mbona RAM au memori ya anwani haishuki mara tu thredi zinapoisha?

Kwa sababu ya akiba ya staki iliyotajwa katika swali la 4. Kuomba na kufuta staki kila mara ni ghali, hivyo glibc huhifadhi staki zilizotumika hadi jumla ya MB 40. Kwa staki za kawaida za MB 8 kila moja, hizo ni kama tano. Zikizidi, za ziada hufutwa kweli.

Hiyo MB 8 ni nafasi ya anwani iliyotengwa, si RAM iliyoliwa. RAM hutumika kwa kurasa zilizoguswa tu, na kurasa hizo hurudishwa thredi inapoisha hata kama staki imewekwa kwenye akiba.

7. Safu ya VIRT (nafasi ya anwani) kwenye `top` inapanda siku nzima, lakini thredi zinazoonekana ni chache. Kuna nini?

Karibu kila mara jibu ni hili: unaanzisha thredi za kusubiriwa, na hakuna anayezisubiri.

Thredi ya POSIX (kiwango cha pamoja cha mifumo ya jamii ya Unix) huzaliwa ikiwa ya kusubiriwa. Ikiisha, keneli humaliza kazi yake yote, na kwenye `ps -eLf` hutaiona tena. Lakini maktaba inashikilia staki na kumbukumbu zake, kwa kuwa wakati wowote mtu anaweza kuita `pthread_join` kuuliza imerudisha nini. Asipotokea mtu, staki haiingii hata kwenye akiba. Dalili zake ndiyo hizo: nafasi ya anwani inaongezeka kwa MB 8 kila thredi, RAM inapanda kidogo mno, na idadi ya thredi inabaki palepale. Ni kasoro inayokaa kimya kwa muda mrefu, na kwa hilo ni ya hatari kuliko programu inayoanguka mara moja.

Mwisho wake ni `pthread_create` kurudisha `EAGAIN`, yaani rasilimali hazitoshi. Kwenye mashine ya biti 32 yenye GB 3 za anwani kwa programu, staki za MB 8 haziwezi kuzidi 384, na kwa kweli utaishiwa kabla. Kwenye biti 64 anwani ni nyingi sana, ila kuna kikomo cha vipande vya memori, `vm.max_map_count`, ambacho kwa kawaida ni 65530. Staki na ukurasa wake wa ulinzi huchukua vipande viwili, kwa hiyo utakwama karibu na thredi 32,000 zilizosahauliwa.

Kuthibitisha, linganisha mistari ya `Threads` na `VmSize` ndani ya `/proc/PID/status`, kisha fungua `/proc/PID/maps` uone safu ndefu ya vipande vya ukubwa ule ule. Kati ya zana za kutafuta kasoro, ThreadSanitizer hukuambia waziwazi kwamba thredi imevuja. Valgrind huonyesha memori iliyopotea ikitokea ndani ya `pthread_create`. Usiipuuze ripoti hiyo ukidhani ni ya maktaba.

## Kusubiri au kuachia

8. `pthread_join` inajuaje kwamba thredi imeisha?

Thredi inapozaliwa kwa `clone`, maktaba huipa keneli anwani moja na bendera ya `CLONE_CHILD_CLEARTID`. Maana yake ni ahadi: siku thredi hii ikifa, keneli itaandika sifuri kwenye anwani hiyo na kumwamsha mmoja anayeisubiri kwa `futex`, njia ya keneli ya kulala mpaka thamani fulani kwenye memori ibadilike. Anayeita `pthread_join` hulala hapo hapo mpaka aone sifuri.

Zamani haikuwa hivi. LinuxThreads, maktaba ya thredi ya awali iliyoandikwa na Xavier Leroy, ilihitaji thredi maalumu ya msimamizi ndani ya kila programu, ya kuanzisha thredi nyingine na kuzisafisha zikifa. Ulrich Drepper na Ingo Molnar wa Red Hat waliandika maktaba iliyoirithi, NPTL, ambayo pamoja na Linux 2.6 ya Desemba 2003 iliondoa msimamizi huyo na kuikabidhi keneli kazi. Usafi ukawa wa haraka, na thredi elfu nyingi zikawezekana.

9. Nichague `join` au `detach`?

Chagua `join` kila unapoweza. Inakupa uhakika kwamba thredi haigusi tena vitu vyako, na ndipo unaweza kuvifuta. `detach` (kuiachia thredi isafishwe yenyewe bila kusubiriwa) inafaa kwa thredi isiyotegemea chochote cha aliyeianzisha, na ambayo hujali itaisha lini. Kutochagua lolote ndiko kunakoleta swali la 7.

Lugha nyingine zimeamua kwa niaba yako, kila moja kivyake. Katika C++ kitu cha `std::thread` kikivunjwa bila `join` wala `detach`, programu nzima huuawa kwa `std::terminate`. `std::jthread` ya C++20 husubiri yenyewe. Katika Rust, kuacha `JoinHandle` kupotee ni sawa na `detach`. Go hutumia tena thredi za mfumo kwa kazi nyingine, isipokuwa gorutini (thredi nyepesi ya Go) iliyoita `LockOSThread` ikiisha bila kuifungua: tangu Go 1.10 thredi hiyo huuawa, kwa kuwa huenda hali yake imebadilishwa.

## Makufuli

10. Thredi ikifa imeshika kufuli, kufuli linafunguka?

Kwa kufuli la kawaida la POSIX (mutex, linaloruhusu thredi moja tu kugusa data kwa wakati mmoja), halifunguki. Kufuli hilo ni namba tu ndani ya memori yako, na keneli hata haijui kwamba lipo mpaka mtu alale akilisubiri. Wote watakaolihitaji watalala milele.

Wengine hulalamika kwamba mfumo ungeweza kulifungua tu. Nami naona ni sahihi kwamba haufanyi hivyo. Kufuli lilifungwa kwa sababu data ilikuwa inabadilishwa. Aliyekufa katikati ameiacha nusunusu, huenda orodha imekatwa na haijaungwa. Kulifungua kimyakimya ni kumpa anayefuata data mbovu bila onyo.

11. Makufuli thabiti yanafanyaje kazi?

Ukilitengeneza kufuli kwa sifa ya `PTHREAD_MUTEX_ROBUST`, kila thredi hutunza ndani ya memori yake orodha ya makufuli ya aina hiyo inayoyashika, na keneli hujua orodha inaanzia wapi. Thredi ikifa, keneli huipitia (hadi makufuli 2048), huwasha biti ya "mwenyewe amekufa" katika kila kufuli, na kumwamsha mmoja anayesubiri. Uwezo huu uko tangu Linux 2.6.17.

Atakayelipata kufuli hupewa `EOWNERDEAD`. Analishika kweli, lakini ameonywa. Jukumu lake ni kukagua data, kuirekebisha, kuita `pthread_mutex_consistent`, kisha kufungua. Akifungua bila kuita hiyo, kufuli hufa kabisa na kila mtu baadaye hupata `ENOTRECOVERABLE`. Makufuli haya yanafaa zaidi pale michakato tofauti inaposhiriki memori moja. Ndani ya mchakato mmoja, afadhali kuzuia kifo cha ghafla.

12. Na kufuli za faili je?

Kufuli la `fcntl` la aina ya zamani ni la mchakato, na la `flock` hufuata faili iliyofunguliwa. Thredi ikifa hakuna kinachobadilika kwa yote mawili. Rudia swali la 2.

## Kuua thredi kwa nguvu

13. Ninaweza kuua thredi moja kwa `kill -9`?

Hapana. Ukitoa namba ya thredi, `SIGKILL` bado humaliza mchakato wote. Vivyo hivyo, thredi moja ikigusa memori isiyo yake na kupata `SIGSEGV` isiyoshughulikiwa, zote zinaondoka.

`pthread_cancel` ipo, na kwa kawaida husubiri thredi ifike mahali salama kama `read` au `sleep`, kisha funksheni za usafi za swali la 3 huitwa. Ni nzuri pale tu ambapo kila mstari kati ya hapo umeandikwa ukijua kufutwa kunawezekana, na hilo ni adimu. Android haina `pthread_cancel` kabisa. Java iliitangaza `Thread.stop` kuwa isitumike tangu JDK 1.2, na kuanzia JDK 20 kuiita kunarusha `UnsupportedOperationException`.

14. Basi nifanye nini na thredi iliyokwama?

Ijengee njia ya kuambiwa itoke. Weka kigeu cha atomiki inachokagua kila mzunguko. Kama inasubiri mtandao, isubiri pia `eventfd` au bomba ambalo wewe ukiandika baiti moja itaamka. Kama msimbo ni wa mtu mwingine na unaweza kukwama bila njia ya kuusimamisha, uendeshe kwenye mchakato wake. Mchakato ukiuawa, keneli huachia memori yake na kufunga faili zake zote, na hapo usafi wa mfumo ni kamili kuliko wowote utakaoandika.

15. Mchakato umeuawa lakini thredi moja haiondoki, iko hali ya D.

Iko ndani ya keneli inasubiri kifaa, mara nyingi diski au hifadhi ya mtandao, mahali ambapo haiwezi kukatizwa. Haiwezi kufa mpaka iamke, kwa kuwa anayejipeleka kwenye hatua za mwisho ni thredi yenyewe. Tangu Linux 2.6.25 sehemu nyingi za kusubiri zimebadilishwa zikubali ishara ya kuua, NFS ikiwemo, lakini si zote. Tafuta tatizo kwenye kifaa.

## Windows na macOS

16. Windows inatofautiana wapi?

Thredi ya Windows ni kitu cha keneli chenye vishikio (handles), yaani marejeo ambayo programu hukitumia kwayo. Ikiisha, kitu hicho hubaki kikionyesha kwamba imemaliza mpaka kishikio cha mwisho kifungwe kwa `CloseHandle`. Kusahau kukifunga ni ndugu wa swali la 7. Maktaba za DLL huarifiwa kwa `DLL_THREAD_DETACH`, madirisha yaliyofunguliwa na thredi hufutwa, na maombi ya kusoma na kuandika ambayo hayajafungamanishwa na mlango wa ukamilishaji (completion port) hughairiwa.

Kufuli la keneli la Windows likiachwa na aliyekufa, anayefuata hulipata pamoja na onyo la `WAIT_ABANDONED`, jambo linalofanana na swali la 11 bila wewe kuomba. `CRITICAL_SECTION` haina ulinzi huo.

`TerminateThread` iepuke. Haiwaarifu DLL, haiachii `CRITICAL_SECTION`, na ikiua thredi iliyokuwa katikati ya kuomba memori, kufuli la hipu (eneo la memori inayoombwa) hubaki limefungwa na programu nzima husimama. Kwenye Windows XP hata staki ya thredi iliyouawa hivyo haikufutwa. Tangu Vista inafutwa.

Angalia pia usitumie 259 kama matokeo ya thredi. Hiyo ndiyo thamani ya `STILL_ACTIVE`, na anayeuliza kwa `GetExitCodeThread` atadhani bado inaendelea.

17. Na macOS?

Staki tumeieleza katika swali la 4. Ndani ya keneli ya XNU, thredi iliyokufa huingizwa kwenye foleni, na thredi maalumu ya keneli hupita kuimalizia.

## Hali za pembeni

18. `main` iliita `pthread_exit`, sasa `ps` inaandika `<defunct>` na programu bado inafanya kazi.

Ni sawa kabisa. Thredi ya kwanza ndiyo inayobeba namba ya mchakato, kwa hiyo keneli haiwezi kuifuta wakati wenzake wapo. Hukaa kama zombi mpaka wa mwisho aondoke, ndipo mzazi hupewa `SIGCHLD`. Thredi nyingine hazina hali hiyo. Keneli huzifuta bila kumsubiri mzazi.

19. `pthread_join` imerudi, lakini thredi bado iko kwenye `/proc/self/task`.

Sifuri ya swali la 8 huandikwa mapema katika safari ya kifo, kabla keneli haijaiondoa thredi kwenye orodha zake. Kwa muda mfupi sana inaweza kuonekana bado. Mara nyingi haidhuru, ila wito unaotaka mchakato wenye thredi moja tu, kama `unshare` yenye `CLONE_NEWUSER`, unaweza kukataa kwa `EINVAL` mara tu baada ya `join`. Kama unahitaji wito huo, ufanye kabla ya kuanzisha thredi yoyote.

20. Thredi nyingine huenda wapi baada ya `fork`?

Kwa mtoto hazipo. Aliyeita `fork` peke yake ndiye anayenakiliwa, na zilizobaki hazipati nafasi ya kusafisha chochote: hakuna funksheni ya swali la 3 inayoitwa. Memori yao yote imenakiliwa pamoja na makufuli waliyokuwa wameyashika, ambayo kwa mtoto hayana tena mtu wa kuyafungua. POSIX inamruhusu mtoto huyo kuita tu funksheni zilizo salama ndani ya kipokea ishara mpaka aite `exec`. `pthread_atfork` ilikusudiwa kusaidia, lakini huwezi kuitumia kwa makufuli ya maktaba usizozijua. Ukiwa na thredi nyingi, tumia `posix_spawn`.

21. Na thredi ikiita `exec`?

Keneli huua thredi nyingine zote kwanza, bila funksheni za usafi, kisha hupakia programu mpya. Kama aliyeita si thredi ya kwanza, hurithi namba ya ile ya kwanza, ili mzazi aendelee kuijua kwa PID ileile.

22. Ninaweza kuhifadhi `pthread_t` au TID (namba ya thredi kwenye keneli) na kuitumia baada ya thredi kufa?

Usithubutu. Katika glibc `pthread_t` ni anwani ndani ya staki, na staki hiyo hutumika tena (swali la 6), kwa hiyo thredi mpya inaweza kupata thamani ileile. TID nazo huzunguka zikifika kikomo cha `pid_max`. Ukilazimika kutuma ishara kwa TID, tumia `tgkill`, inayohakikisha kwamba namba hiyo bado ni ya mchakato unaoukusudia. `tkill` haikagui hilo.